Nilimwambia Mgonjwa Wangu "Haidhuru", Sasa Figo Zake Zimegoma

Shangazi Hellevi mpendwa,

Nishike mkono, maana nimejitumbukiza shimoni mwenyewe na kila nikijaribu kutoka aibu inanirudisha chini, nami wala si mtu wa kuandikia magazeti, huwa nasoma safu yako kazini wakati wa kahawa na kuwacheka wanaokuandikia habari za waume zao, basi leo ni zamu yangu kuchekwa.

Mimi ni nesi huku Kainuu, mkoa wetu wa misitu na theluji. Niite Outi, majina yote humu nimeyabadilisha, ila namba ya simu niliyokuandikia chini ni yangu kweli. Nina miaka arobaini na minne, kumi na saba nimeimaliza hospitalini, na tisa ya mwisho niko kwenye chumba cha dripu, kile ambacho wagonjwa wa saratani wanakuja asubuhi, wanakaa kwenye viti vikubwa vya kuegemea, wanapokea kemo yao, dawa kali ya saratani, na mchana wanarudi kwao. Kazi naipenda. Sindano yangu haiumi, wagonjwa wenyewe wanasema, na wapo wanaonuna wakinikosa. Nayasema haya ujue kwamba mimi si mzembe, au nilijidhania si mzembe, mpaka alipokuja mzee Rauno.

Mzee Rauno ana miaka sitini na minane, kaendesha malori ya magogo miaka arobaini, hajawahi kuoa, na kwa mtu wa huku kwetu anaongea kupita kiasi. Kabla ya Krismasi alikatwa kipande cha utumbo mpana chenye saratani, upasuaji ukaenda vizuri, na Januari daktari akamwanzishia kemo kama tahadhari, dripu kila baada ya wiki tatu na vidonge vya kumeza nyumbani. Tangu atoke kwenye upasuaji anakaa na dada yake Aune, mjane, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye akisema kaa unakaa.

Mara ya pili alipokuja, Februari, nilikuta amepanga duka zima kwenye kimeza chake cha chakula. Kulikuwa na vitamini C ya nguvu ile kubwa, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, vidonge vya manjano, unga wa kijani ambao hata yeye hakujua ni wa nini, na chupa ya chai ya lita moja.

"Nesi Outi, njoo uone duka langu," akaniita. "Hivi vyote Aune ndiye kaninunulia. Anasema nikivimaliza, saratani itahama nchi. Sasa wewe niambie ukweli, vinaruhusiwa?"

"Na hiyo chupa ina nini?"

"Pakuri. Imechemka tangu jana. Onja uone, kama unalamba gurudumu la lori."

Pakuri unaijua shangazi, ule uyoga mweusi kama mkaa unaobanduliwa kwenye miti msituni, huku kwetu kila nyumba ina gunia lake. Wakati huo mashine mbili zinalia kwa pamoja, simu inaita, mama wa kiti cha dirishani kaniashiria anataka kutapika, nami nikavitupia jicho vile vichupa nikiwa njiani nikasema, "Haidhuru, mzee wangu. Vitu vya asili hivyo. Kunywa tu."

Sekunde tano, shangazi. Sikusoma karatasi ya chupa hata moja.

Na nikikuambia ni kwa sababu ya haraka tu nitakuwa nakudanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui, na sikutaka mzee ajue kwamba sijui. Chuoni mambo ya lishe tulifundishwa mchana mmoja, na huo mchana nusu yake tulipaka rangi mchoro wa sahani. Wagonjwa wanatuuliza kila siku, nile nini, nisile nini, hii naweza kumeza, na jibu wanalopata linategemea wamemuuliza nani. Daktari Lemmetty, mwanamke hodari na mwema, anasema kula unachopenda. Mwenzangu wa zamu anasema muulize daktari. Mimi nasema muulize mtaalamu wa lishe, na mtaalamu wa lishe wetu, Mervi, anakuja Jumanne tu na anawaona waliokwisha kukonda. Waliobaki wanauliza kwenye mtandao. Halafu kuna mama yangu mzazi, alipata saratani ya titi miaka kumi na miwili iliyopita, akanywa kikombe chake cha pakuri kila asubuhi, na leo ana miaka sabini na tisa anateleza kwenye theluji kunipita mimi. Kwa hiyo mahali fulani moyoni niliamini.

Basi mzee Rauno akageukia chumba kizima akapaza sauti, "Mmesikia? Nesi karuhusu!" Jirani yake wa kiti akaomba kalamu aandike orodha.

Kumbe yale maneno yangu yalifika kwa Aune kama barua yenye muhuri wa serikali. Akaona sasa ana ruhusa ya kwenda mbali zaidi. Alikuwa amesoma mahali kwamba sukari inailisha saratani, akafuta sukari, akafuta maziwa, akafuta nyama, akamwongezea vitamini na kumpikia pakuri lita moja na nusu kwa siku. Mara ya tatu alipokuja, mwanzo wa mwezi huu, suruali ya mzee ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu. Kilo nane zimekwenda. Vipimo vya damu vikarudi, na figo zake zilikuwa zimeshuka vibaya.

Daktari Lemmetty akavuta kiti akakaa mbele yake. "Rauno, kuna dawa nyingine yoyote unatumia ambayo sikukuandikia?"

"Hapana, daktari," akajibu mzee, bila hata kusita, kwa sababu kwake pakuri si dawa na vitamini si dawa, dawa ni kile kinachotoka hospitalini. Halafu akanitazama mimi akanikonyeza, kama watu wawili wenye siri nzuri.

Nami nilikuwa nimesimama pale pale. Nikaanza kuikagua mashine ya presha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza naiona.

Kemo ikaahirishwa. Daktari akasema atapimwa tena Alhamisi inayokuja, na kama hali ni ile ile atalazwa, na huenda matibabu yaliyobaki yakapunguzwa au yakakatizwa kabisa. Nilisema moyoni nitamfuata mzee nje nimwambie aache. Nilipotoka, gari la Aune lilikuwa limeshaondoka. Nikasema nitampigia Ijumaa. Ijumaa sikupiga.

Jana Jumamosi nikakutana nao dukani, kwenye viazi. Aune akanikumbatia, shangazi, mwanamke ambaye hakumbatii watu. "Wewe ndiye uliyemruhusu ndugu yangu? Mungu akuzidishie. Wale wengine kule wanajua kukataza tu. Sasa wanasema figo zimechafuka kidogo, lakini usiwe na wasiwasi, nimempandisha hadi lita mbili, zisafishike." Akafungua mkoba wake akanipa kopo la unga wa pakuri lililofungwa utepe mwekundu.

Nikalipokea. Nikasema asante. Nikanunua viazi nikaenda nyumbani.

Sasa leo Jumapili nimekaa naliangalia hilo kopo. Nikimwambia daktari, nitaulizwa kwa nini nilinyamaza, na leseni yangu je? Nikimwambia Aune, nitamuua kwa majuto. Nimefikiri labda nimnong'oneze mzee peke yake aache kimya kimya, figo zipone, daktari asijue, Aune asijue, yaishe. Shangazi, hiyo inawezekana? Niambie inawezekana.

Mwenye Ulimi Mwepesi, Kainuu

*

Outi mwanangu,

Haiwezekani.

Barua pepe yako niliifungua Jumatatu asubuhi na sikungoja gazeti litoke. Namba uliiandika mwenyewe, na mtu anayeandika namba yake chini ya barua kama ile anataka kupigiwa. Ulipokea ukiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, soksi moja mguuni, hivyo ndivyo ulivyoniambia, na kwa ruhusa yako nawawekea wasomaji tulichozungumza, kwa kuwa najua kina Outi mko wengi na kina Aune ni wengi zaidi.

Nilikuuliza, "Leo ameshakunywa?"

"Nadhani, shangazi. Huwa anaanza saa moja."

"Basi kata simu yangu, umpigie yeye. Ukimaliza mpigie daktari. Ukimaliza nipigie mimi. Usibadilishe mpangilio."

"Lakini shangazi, leseni yangu..."

"Leseni yako iko kabatini salama salimini. Figo za mzee ziko kwenye lita mbili. Kata simu, binti."

Ukakata. Kwa hilo nakupa heko, na heko zimeishia hapo.

Sasa nikuseme kidogo. Kabla sijashika kalamu nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka thelathini, na neno lililonipa kazi kubwa kuliko magonjwa yote ni hilo lako, haidhuru. Kila kitu chenye nguvu ya kusaidia kina nguvu ya kudhuru, na kama hakina nguvu yoyote basi mtu anakinunua cha nini? Pakuri ina chumvi fulani ambazo kidogo hupita na mkojo, nyingi hugeuka chembe kama mchanga na kuziba figo. Vitamini C ukiimeza kwa dozi zile kubwa, mwili unaigeuza chumvi hiyo hiyo. Aune alikuwa anamimina mchanga kwa mikono miwili, tena kwenye figo za mtu aliye kwenye kemo, ambaye dozi yake ya dawa inapimwa kwa kutazama hizo hizo figo. Mama yako anakunywa kikombe kimoja, na ana figo zake na bahati yake. Usimfanye mama yako kuwa kitabu cha tiba. Inawezekana anayemweka hai ni ile theluji anayoteleza juu yake.

Kosa la sekunde tano mimi ningelisamehe, mwanangu. Chumba kinalia, mtu anatapika, ulimi umeteleza. Ambalo silisamehi upesi ni ile mashine ya presha. Pale ulikuwa unajua. Daktari aliuliza swali, jibu lilikuwa kinywani mwako, ukalimeza. Na Ijumaa ukalimeza tena, na Jumamosi ukalipokea likiwa na utepe. Unaniuliza kama utamuua Aune kwa majuto. Aune ni mwanamke aliyelisha shule nzima, ukweli atauhimili. Kinachoweza kummaliza ni kumzika ndugu yake halafu baadaye agundue ulikuwa unajua.

Lakini sikuachii mzigo wote peke yako. Wakuu wenu nao niwaseme. Daktari anayemwambia mgonjwa "kula unachopenda" anadhani ametoa ruhusa, kumbe ameacha mlango wazi, na anayeingia ni jirani mwenye gunia. Mtu akiambiwa ana saratani anataka kufanya kitu kwa mikono yake mwenyewe. Upasuaji hawezi, dripu hawezi, anachoweza ni kula. Akiuliza nile nini, hilo ni swali la tiba kama maswali mengine, na linastahili mtu aketi nalo dakika kumi. Na mkimuuliza "unatumia dawa nyingine" atasema hapana huku vichupa vinagongana mfukoni. Muulizeni anakunywa nini, anameza nini, kapewa na nani, mwambieni aje na mfuko mzima mezani, tena msimkunjie uso akiutoa, maana ukimkunjia uso mara moja mara ya pili atauacha nyumbani na kuendelea kuvimeza.

Kwa wasomaji wangu mnaotibiwa au mnaopikia anayetibiwa. Hakuna chakula ambacho ukikiacha saratani inakufa kwa njaa, ila mgonjwa mwenyewe kwa njaa anakwisha. Mnapokuwa kwenye kemo, mwili unahitaji vya kujenga nyama, unahitaji mayai, samaki, jibini, mbaazi, chochote kinachoshuka na kukaa. Vitamini D ya kipimo cha kawaida katika giza letu la baridi watu wengi wanaihitaji, ulizeni tu kiasi. Yale mengine yote, ya mitishamba na ya dukani, ya jirani na ya mtandaoni, yapite kwanza mbele ya daktari au mfamasia. Na kama mnakonda, msingoje suruali ifungwe kwa kamba, ombeni mtaalamu wa lishe mapema, ombeni hata mara tatu.

Na wewe Outi, utaandika taarifa ya kilichotokea, kwa maneno yako, bila kujipaka asali. Utamwendea Aune ana kwa ana, si kwa simu, umwombe radhi bila neno "lakini" hata moja. Yule jirani wa kiti aliyeomba kalamu, mtafute leo hii, ana orodha yako mfukoni. Kisha utamshika mkono Mervi na daktari wako muandike karatasi moja ya maswali ya lishe na virutubisho, ambayo kila mgonjwa anaulizwa siku ya kwanza, na nyote mjibu kitu kimoja. Mtu akikuuliza usilolijua, sema sijui, nitamuuliza anayejua, nakuletea jibu. Hayo ni maneno ya nesi mwenye akili timamu, na wala hayachukui zaidi ya hizo sekunde tano.

Shangazi Hellevi

*

Shangazi Hellevi,

Imepita miezi mitatu tangu unipigie nikiwa na soksi moja mguuni. Wasomaji wamekuwa wakiniuliza kupitia kwako yaliishaje, nami nimeona nikuandikie mwenyewe, tena leo siandiki kwa kulia.

Siku ile nilipokata simu yako nilimpigia mzee Rauno. "Mzee, hiyo pakuri mwaga."

"Yote?"

"Yote. Na vichupa vyote weka kwenye mfuko, usimeze hata kimoja."

"Aune yupo hapa jikoni," akasema. "Mwambie wewe. Mimi nimeendesha lori juu ya ziwa lililoganda, lakini hilo siwezi." Akampa simu dada yake, na nikasikia viatu vya mzee vikikimbilia nje.

Aune alinisikiliza mpaka mwisho. "Lakini wewe ulisema haidhuru," akasema.

"Nilisema, mama Aune. Nilikuwa sijui. Nimekosa."

Akakata simu. Jioni yake nilikwenda hadi kwao kama ulivyoniagiza nilipokupigia tena, nikasimama mlangoni nikamwomba radhi, na hakunikaribisha ndani. Alitikisa kichwa mara moja akafunga mlango.

Daktari Lemmetty alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akavua miwani akakaa. "Aliniambia hatumii dawa."

"Kwake pakuri si dawa, daktari."

"Na mimi sikumuuliza anakunywa nini." Akaisugua miwani kwa pindo la koti kwa muda mrefu. "Miaka ishirini nawaambia kula unachopenda, Outi. Nilidhani nawafariji." Mzee alilazwa siku hiyo hiyo, akawekewa maji ya dripu siku nne. Mimi niliandika taarifa yangu, mkuu wa manesi akanisema kwa saa nzima na kila neno lilikuwa halali yangu, nikapewa onyo la maandishi, kazi ikabaki. Jirani wa kiti nilimpata. Alikuwa amenunua nusu ya ile orodha na alikuwa hajafungua hata chupa moja, maana mkewe alisema harufu ya vitu hivyo haiingii nyumbani kwake.

Figo zilirudi taratibu. Wiki mbili na siku kadhaa, namba zikawa za kuridhisha, na daktari akasema tutaendelea, kwa dozi ndogo kidogo. Lakini kabla ya hapo akataka Rauno na Aune wakae na Mervi, na akanitaka na mimi niwepo.

Aune aliingia na mikono kifuani na daftari kwapani, yuko tayari kwa vita. Mervi ni mwanamke mdogo, mpole, sauti yake lazima uinamie kuisikia. Hakuuliza habari za pakuri. Aliuliza, "Shuleni ulikuwa unapikia watoto wangapi?"

"Mia mbili na kumi," akasema Aune. "Na hakuna aliyetoka na njaa."

"Basi huyu mmoja hakushindi. Nataka unisaidie kumnenepesha."

Aune akafungua daftari bila kupenda. Mervi akamwambia, supu ya samaki irudi, na krimu ndani yake. Mayai yarudi. Siagi irudi kwenye mkate, jibini, supu ya mbaazi Alhamisi kama zamani, chakula kidogo kidogo mara sita kwa siku siku ambazo kichefuchefu kinamsumbua. Aune anaandika, anaandika, kisha kalamu ikasimama.

"Na sukari?"

"Kikombe cha kahawa na kipande cha mkate mtamu wa pulla hakitamdhuru," akasema Mervi. "Kukonda kutamdhuru."

Shangazi, Aune aliweka kalamu chini akaanza kulia, pale pale, kwa sauti. "Tangu Februari sijampa pulla," akasema. "Alikuwa ananiomba. Anasimama pale jikoni mtu mzima ananiomba kama mtoto, mimi namwambia hapana, hapana. Daktari ana kisu chake, nesi ana sindano yake, mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na sufuria tu. Niliogopa, basi nikachemsha."

Mzee Rauno akatazama viatu vyake, akatazama dari, akamsogezea dada yake sanduku la karatasi za kufutia machozi. "Unajua, Aune," akasema, "hata hiyo pakuri yako, kama ungeitia krimu..."

"Wewe nyamaza!" Aune akamwambia, na akacheka huku analia, na Mervi akacheka, na mimi nikatoka nje kujifanya natafuta maji.

Ile karatasi ya maswali tumeiandika, na Mervi sasa anakuja siku tatu kwa wiki, daktari ndiye aliyepiga kelele mpaka ikakubaliwa. Karatasi imeanza kutuletea mambo. Wiki ya kwanza tu, mama mmoja mpole kabisa alitoa kwenye mkoba vichupa kumi na tisa, kimoja ni cha farasi. Hakuna aliyemkunjia uso. Tulimuita mfamasia, tukakaa navyo, akarudi nyumbani na viwili.

Jana mzee Rauno alimaliza dripu yake ya mwisho. Picha za uchunguzi ni safi, kilo sita zimerudi, na suruali inajishikilia yenyewe. Daktari Lemmetty alipompa habari, mzee aligeukia dirishani akalitazama ziwa. Kisha akauliza kama anaweza kwenda kuvua samaki, akaambiwa hata leo.

Aune alikuwa amesimama na koti lake mkononi. Miezi mitatu hiyo kila akimleta ndugu yake amekuwa akinisalimu kwa kichwa tu, nami nilikuwa nimeshakubali kwamba itabaki hivyo. Jana akamwacha mzee mlangoni akanirudia hadi kwenye meza ya dawa.

"Sikukuu ya kiangazi, Juhannus, tunakula saa nane," akasema, bila kunitazama sana. "Samaki wa moshi na viazi vipya. Uje na mama yako."

Nikamuuliza nilete nini.

"Lete tumbo," akasema Aune, akaenda kumfunga ndugu yake vifungo vya koti.